Ile Filamu ya Wenye Nywele Ndefu

Ruangwa, Jumapili, Agosti 2007

Leo nimekutana na Hamisi sokoni. Mpaka sasa nacheka peke yangu.

Mwaka 1995, kwenye kibanda cha video Nachingwea, tuliangalia naye filamu ya vijana wenye nywele ndefu wanaoishi ndani ya basi bovu. Kazi hawataki, wanafuga bata mmoja wanayemwita Mwenyekiti. Kiingereza hatukukijua, mwenye kibanda akawa anatutafsiria, na tulicheka mpaka machozi. Tukaacha nywele zetu zikue. Baba akaninyoa kwa nguvu. Hamisi alitoroka kwao wiki nzima ili asinyolewe.

Sasa yeye ni mwalimu mkuu huko Mbekenyera, mimi fundi baiskeli. Sikuthubutu kumwita kwa jina.

"Habari za kazi, mwalimu?"

Akauliza taratibu, "Mwenyekiti wetu hajambo?"

Tulicheka mpaka wauza ufuta wakageuka.

Akaniambia wiki iliyopita aliletewa mwanafunzi mwenye nywele ndefu ili amnyoe mbele ya wenzake. Mkasi alikuwa nao mkononi. Akashindwa, akamwambia arudi darasani.

"Walimu wenzangu wamenuna," alisema.

Miaka yote hii nilidhani ni mimi tu ninayeikumbuka ile filamu.