Shangazi, Nimeitazama Sehemu ya Nne

Carama, Bujumbura
Tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Adija,

Assalaam alaykum. Nisamehe kwanza. Uliniomba niitazame ile filimu ya vita kwenye televisheni, sehemu zote sita, halafu nikuambie kama ni nzuri. Umengoja wiki tano. Si uvivu. Nikishika kalamu Twalibu analia, na siku asipolia mi nashindwa.

Vipi magoti na baridi ya huko Liège? Sisi wazima. Ilyasi baba mtoto bado yuko gereji, anarudi na mafuta mpaka masikioni. Mtoto ametimiza miezi minne, usingizi ndiyo kabisa hataki. Mama hajambo, na cherehani yake pia.

Haya, filimu. Tuliitazama kwa jirani yangu Raïssa, Jumapili mchana, wanawake tumejaa mkekani. Sehemu tatu za kwanza sikuzipenda. Muziki mwingi mno. Raïssa akauliza, "Hii ni vita ama ni harusi?" Tukacheka. Milio ya risasi wameiongeza wenyewe, unasikia kabisa. Msimulizi naye anasema "raia, raia", utafikiri raia hawakuwa na majina. Wakubwa wanaulizwa maswali wakiwa kwenye viti vya ngozi. Hakuna aliyeuliza tulikula nini, wala tulinyamazaje.

Sehemu ya nne haina muziki. Kuna chumba cheusi na mwanamke asiyeonyeshwa uso, sauti wameigeuza nzito kama ya mwanamume. Mikono tu ndiyo iko kwenye mwanga. Anakunja pindo la kitenge mara nne, anakunjua, anakunja tena, vile unavyofanya wewe ukingoja chai. Kidole kidogo cha kushoto hakikunjiki.

Anasimulia walivyokimbia Cibitoke yeye na wifi yake, kila mmoja na pacha mmoja wa huyo wifi mgongoni, wakapotezana. Akajificha kwenye mashamba ya mpunga ya Carama. Wenye bunduki wakapita karibu, mtoto akaanza kulia, akamziba mdomo kwa kitenge. "Walipopita," anasema, "mutoto alikuwa ametulia sana." Akamzika hapo hapo, karibu na mfereji.

Twalibu alikuwa mapajani mwangu. Nilipotazama chini, mkono wangu ulikuwa juu ya mdomo wake. Hakuwa analia, Shangazi. Alikuwa ananitazama tu. Sijui mkono ulipanda lini. Raïssa ndiye aliyeutoa. "We Houda! Muache mutoto apumue!"

Wewe ulituambia pacha wangu Assia ulimkabidhi mama mmoja Mkongomani kwenye njia ya Uvira, na kwamba anakua huko. Nimelelewa na hadithi hiyo. Nyumbani bado naitwa Butoyi, pacha wa pili, na Bukuru hayupo wa kuitwa kwanza. Kila Idi Mama anashona magauni mawili, la pili analiweka sandukuni. Sokoni anawasimamisha wauzaji wa Kikongomani wa umri wangu, anawatazama usoni mpaka wanaogopa. Nilipojifungua alileta nguo mbili za mtoto. "Hii ingine ni ya mutoto wa Assia. Labda naye amezaa."

Mama alikuwa pale mkekani. Mikono yako hakuijua, ama hakutaka kuijua. Alisema tu, "Masikini huyu dada. Angekuwa hapa ningemupa chai," akaendelea kushona.

Mimi sikuhukumu wewe. Mkono wangu nimeuona. Ila uliniuliza kama filimu ni nzuri, na jibu ni hili: ni nzuri pale ulipokuwa wewe, kwingine kote ni kelele. Sasa kama uliweza kuwaambia wageni wenye kamera, mwambie na Mama. Piga simu Ijumaa yoyote baada ya swala, nitakuwa nimekaa karibu naye. Ramadhani ikiingia hujapiga, nitamwambia mimi, na neno hili hatalisikia kwa sauti yako.

Barua hii anakuletea Irène, anayesafiri kuja huko, maana kwenye simu yetu Mama anasikia yote. Nisalimie kaka Tajudini na mkewe Mathilde. Mungu aulaze vizuri moyo wako, na siku utakayoongea akushike mkono. Nakupenda kama jana.

Uliuliza ninahitaji nini bado. Kipimajoto cha mtoto, chetu kimevunjika. Chuchu za chupa ya maziwa, mbili, za tundu dogo. Ule uzi wa waridi Mama ameuomba tena, wa gauni la pili; huo usiutume mpaka uwe umeongea naye. Na karatasi, kwa mkono wako: ukitoka mferejini ni upande gani, na hatua ngapi. Mashamba yale sasa ni nyumba, ndimo ninamokaa, na mfereji unapita nyuma ya kamba yangu ya nguo. Nataka kujua ninaanika nepi juu ya nini.

Wako wa damu,
Butoyi