Mkanda Tuliouhukumu Kwenye Sauna

Hancock, Michigan
Mwezi wa Machi

Mdogo wangu mpendwa Aune,

Barua yako imenifikia salama, nami nakusalimu wewe pamoja na shemeji Curtis. Natumaini joto la Arizona limeyatuliza magoti yake, na kwamba wewe mwenyewe unalala vizuri. Huku kwetu tu wazima, kwa kadiri wazee wanavyoweza kuwa wazima. Theluji imefika ukingo wa madirisha ya jikoni na haionyeshi dalili ya kuondoka. Darlene anakusalimu sana. Jana alioka mkate wa iliki, akaniagiza nikuambie kwamba huo unaouoka wewe huko jangwani ni keki tu, kwa sababu mkate wa iliki unataka mlaji aliyetoka kwenye baridi na pua nyekundu.

Ndugu yetu Reino anaendelea polepole. Anatembea kwa fimbo kutoka kitandani hadi dirishani. Mkono wa kulia bado haumtii, na maneno yake hutoka moja moja, kama watu wanaotoka kanisani kwa mlango mwembamba. Lakini akili yake ni ileile, na ubishi wake ni uleule.

Sasa nije kwenye swali lako. Umesema unataka kununua kipimo cha mapigo ya moyo kwa ajili ya matembezi yako ya vilimani, ukaniomba nikuambie kipi ni cha kuaminika, tena kwa ufupi, kwa kuwa unanijua. Ukaongeza, kama jambo la kuchekesha, kwamba jirani yako alikuazima mkanda wake wa kifuani, ukakupa nambari za kichaa zinazopanda na kushuka hata ukiwa umesimama kupumua, ukamrudishia ukimwambia ni mbovu. Kwa hiyo unaelekea kununua saa ya mkononi, kwa sababu saa, umeandika, ina adabu.

Aune, sentensi hizo nimezisoma na kuzirudia mpaka kahawa yangu ikapoa. Sitakujibu kwa ufupi. Nivumilie, kwa sababu jibu langu linapitia kwa Reino, na nikilikata katikati halitakufaa.

Mwezi wa Oktoba Darlene alinijia akilalamika kwamba mumewe, Reino, anajiandaa kwa mashindano ya Februari ya kuteleza kwenye theluji kwa mbao za miguuni kana kwamba ana miaka ishirini. Alisema kila akirudi mazoezini anakaa ukumbini na viatu miguuni, kisha anasema hajachoka. Akaniomba nimtafutie kitu cha kumpima. Unanijua: nilisoma wiki nzima. Nikagundua kwamba vipimo vingi ni vya aina mbili. Saa ya mkononi ina taa ndogo ya kijani chini yake, inayomulika ngozi na kukisia mapigo kwa jinsi damu inavyopita. Ni rahisi kuvaa, lakini kwenye baridi damu hukimbia mikono, na mtu anayerusha mikono kwa mwendo mmoja anaweza kuichanganya saa hata ikahesabu mwendo wa mikono badala ya moyo. Mkanda wa kifuani haukisii. Unausikia umeme mdogo wa moyo wenyewe kupitia ngozi, ila lazima uulowanishe kwa maji kabla ya kuuvaa na uukaze vizuri, la sivyo nao huropoka. Nikamnunulia Reino mkanda. Saa alikuwa nayo tayari, aliyopewa na binti yake siku ya kuzaliwa. Akavaa vyote viwili, akasema sasa amefungwa kama farasi wa gwaride.

Theluji ya kwanza ilipoweza kubeba mtu, tukaenda njiani: mimi, yeye, na Urho Maki, yule aliyekuwa dereva wa basi la shule, ambaye bado anaongea kana kwamba anawanyamazisha watoto wa viti vya nyuma. Kwenye mlima wa nyuma ya mgodi wa zamani, saa ikasema mia na ishirini na nane. Mkanda ukasema mia na themanini na saba. Tukapumzika. Saa ikashuka taratibu. Mkanda ukaenda tisini na sita, ukaruka mia na tisini, ukarudi mia na kumi, na Reino amesimama tu anafuta pua.

Jumamosi ile kesi ikasikilizwa kwenye sauna, chumba chetu cha mvuke, maana unajua kwetu hakuna jambo linaloamuliwa watu wakiwa wamevaa nguo. Urho ndiye aliyefungua mashtaka. Akamwaga maji juu ya mawe, akasema, "Mwalimu, huo mkanda wako umelewa. Mimi nimewahi kuendesha basi lenye mshale wa mafuta wa namna hiyo, nikauchomoa." Reino akacheka, akasema kama moyo wake unapiga mia na tisini basi yeye ni sungura, na Darlene amtengee karoti. Mimi nikaeleza. Unajua ninavyopenda kueleza. Nikasema pengine mkanda ulikuwa mkavu, pengine ile fulana yake ya kitambaa cha plastiki ilikuwa inatoa cheche, pengine betri imechoka. Nikawaambia kifaa hakihukumiwi kabla ya kujaribiwa.

Tukakijaribu. Nikauosha mkanda kwa sabuni, nikaweka betri mpya, Reino akavaa fulana ya sufu, tukaulowanisha mpaka akalalamika kwamba tunamzamisha. Nambari zikabaki zilezile. Kisha nikauvaa mimi. Nilipanda mlima uleule, nikasimama, nikaweka vidole viwili shingoni mwangu, nikahesabu na kulinganisha. Mkanda haukukosea hata kidogo. Nikawaambia hivyo Jumamosi iliyofuata, na Urho akajibu kwamba basi mkanda unapenda walimu.

Hapo, Aune, ukweli ulikuwa umekaa nasi kwenye benchi, umelowa jasho kama sisi. Mkanda ulikuwa sahihi juu ya moyo wangu na wa kichaa juu ya moyo wa Reino. Kilichobaki kilikuwa jambo moja tu, nami nililijua, nikalieleza kwa sauti yangu ya darasani: kifaa cha kweli cha kupimia vifaa vingine ni vidole vya mtu. Nikamwambia Reino ashike shingo yake, ahesabu robo ya dakika, azidishe kwa nne. Akasema kule ndani kuna joto, kichwa kinamzunguka, akatoka kwenda chumba cha kubadilishia nguo. Alikaa kitambo. Urho akapiga kelele kumuuliza kama anahesabu mapigo au nyota. Aliporudi alisema sabini na mbili. Saa yake nayo ilikuwa inasema sabini na mbili.

Hukumu ikatolewa. Urho akampongeza mshindi, yaani Reino, na mkanda nikautia kwenye droo ya zana. Niliona haya kidogo kwa kupoteza fedha, lakini moyoni nilifarijika. Saa ilikuwa imetupa jibu tulilolitaka, nasi tukaliita la kuaminika.

Yaliyofuata unayajua kwa simu, ila hukuyajua kwa mpangilio. Asubuhi moja ya Januari Reino alikuwa juu ya paa akiondoa theluji. Darlene alimwita aje anywe kahawa, naye akamjibu kwa sauti yake ya kawaida maneno ambayo hayakuwa maneno. Darlene alidhani anamtania, akamwambia ashuke, mcheshi wee, kahawa inapoa. Kisha akauona ule mkono umeachia koleo. Namshukuru Mungu theluji chini ya paa ilikuwa nyingi, kwa maana hakushuka kwa ngazi.

Hospitalini daktari, mwanamke kijana mwenye subira, alitueleza kwamba moyo wa Reino umekuwa ukipiga bila mpangilio, huenda kwa miezi. Moyo wa namna hiyo hauisukumi damu yote vizuri. Damu inaweza kutuama ndani yake na kuganda, na kipande kikafika kichwani. Alisema kuna dawa za kuzuia hilo, na watu wengi wanaishi nao miaka mingi, mradi ujulikane mapema. Kisha akauliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuona mapigo yake yakiwa ya ajabu. Darlene akanitazama. Nikajibu kwamba ndiyo, tuliyaona, tukayacheka.

Nilidhani hapo ndipo majuto yangu yalipofikia mwisho. Lakini juma lililopita nilikuwa nimekaa na Reino, Darlene ameenda dukani, nikamuuliza kitu ambacho kilikuwa kinanisumbua: ilikuwaje vidole vyake vikampa sabini na mbili? Alikusanya maneno. Kisha akaniambia, neno baada ya neno, nami nakuandikia kama alivyosema: "Sikuweza. Ulikuwa unaruka. Kama samaki ndani ya ndoo. Nikaanza tena. Nikaanza tena. Nikadhani ni mimi."

Nikamuuliza ana maana gani, ni yeye. Akasema, "Hesabu, kaka. Mimi na hesabu."

Unakumbuka, Aune, meza ya jikoni ya nyumba ya zamani? Baba alinipa kazi ya kusahihisha hesabu za Reino, nami nilikuwa nikizisoma kwa sauti ili nyote mcheke. Hata wewe ulikuwa ukicheka, ingawa ulikuwa hujui bado kuhesabu viatu vyako. Akiwa mzee wa miaka sabini na moja, uchi, peke yake kwenye chumba cha baridi, na vidole shingoni mwake, ndugu yetu alisikia moyo ulioharibika akaamini kwamba kilichoharibika ni akili yake. Akaona haya kurudi ndani kumwambia mwalimu kwamba hesabu imemshinda tena. Akatazama saa, akaisoma.

Na mimi nilikuwa nikikaa mkabala naye kila Jumamosi. Ningenyoosha mkono tu. Nilijua pa kuweka vidole, nilijua la kusikiliza, na mtoto yeyote angegundua kwamba mapigo yale hayafuatani. Sikunyoosha mkono kwa sababu katika ukoo wetu mwanamume hamgusi mwanamume isipokuwa kumpa mkono makaburini. Niliona afadhali kumweleza kuliko kumshika. Hilo ndilo kosa langu, na siyo betri wala kitambaa.

Kwa hiyo jibu lako ni hili. Ukitaka kipimo cha mazoezi, nunua mkanda wa kifuani. Ulowanishe, ukaze, uujaribu kwa vidole ukiwa umepumzika na pia ukiwa umetoka kupanda mlima. Saa ni nzuri kwa matembezi ya kawaida, kama nayo umeijaribu hivyohivyo. Kifaa kikikupa nambari inayokushangaza, kikague, ndiyo. Lakini ukishakikagua na bado kinasema lilelile, usikitupe kwa kuwa hakina adabu.

Ila usinunue chochote leo. Barua hii ukiimaliza, mwite Curtis. Keti kitini. Mwambie aweke vidole viwili taratibu upande mmoja wa shingo yako, au chini ya kidole gumba cha mkono, ahesabu dakika nzima, na zaidi ya kuhesabu asikilize kama mapigo yanafuatana. Usihesabu wewe mwenyewe. Na vyovyote atakavyosikia, nenda kwa daktari wiki hii, umweleze habari ya mkanda wa jirani na habari ya kaka yako. Damu yetu ni moja, Aune. Ukipata kizunguzungu au maumivu ya kifua kabla ya siku hiyo, usisubiri miadi.

Darlene anarudia salamu zake. Urho naye anakusalimu; tangu Januari hajatania hata mara moja, na ukimya wake unatuumiza wote. Reino amenisikiliza nikimsomea barua hii kwa sauti kabla ya kuifunga. Nilipomuuliza kama ana neno la kuongeza, aliinua mkono wake mzima, akajishika shingoni, akakuelekezea kidole huko uliko.

Usinijibu kwa barua. Piga simu. Tutakuwa jikoni, sisi wawili.

Kaka yako akupendaye,
Arvid