Mfalme Mlafi wa Senti Hamsini

Jumatatu, 3 Juni 1974
Hili sijamwambia mtu, hata padri kwenye kitubio: mfalme mlafi kwenye stempu yangu ni Mzee Chenge. Balozi wetu wa nyumba kumi!

Mwalimu Venant ametutaka tuchore, kwa ajili ya shindano, stempu za kumbukumbu ya maigizo ya kale ya Wayunani. Akaeleza kwa Kiingereza kwamba waigizaji wao walivaa vinyago, midomo wazi. Papo hapo nikamkumbuka Balozi. Ijumaa alinipita kwenye foleni ya sukari — ngoja kidogo, binti — akaondoka na kilo nne. Sisi tukaambiwa imekwisha. Na mimi nilisema nini? Shikamoo mzee. Basi.

Kwa hiyo nimemchora. Mashavu kama maandazi, taji, kakalia gunia. Pembeni: senti 50. Nimecheka peke yangu mpaka penseli ikavunjika.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeshinda!! Stempu inakwenda Dar kwenye maonyesho, nami pamoja nayo, kwa treni! Sijafika hata Shinyanga.

Halafu Mwalimu akasema fomu ya kwenda Dar lazima isainiwe na balozi. Mchoro umebandikwa juu ya fomu hiyo hiyo. Yaani Mzee Chenge mwenyewe!

Jumamosi, 8 Juni. Jioni.
Nimekwenda kwa Balozi na fomu. Akavaa miwani. Akatazama. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Kumbe mchokozi hivi, binti! Huyu si Mutayoba?"

Baba yangu!

"Mashavu haya nani asiyeyajua?"

Nikatazama upya. Lo — kweli. Mashavu ya Baba, pua ya Baba. Na Baba ndiye anayefungia sukari kabatini, anatupimia kijiko kimoja kimoja. Sikusema ndiyo, sikusema siyo. Nilitabasamu tu. Dhambi ya pili.

Akasema hasaini pale, atasaini mbele ya Baba, anataka amwone uso! Akaondoka na fomu. Nikakata uchochoroni, nikafika kwanza, nimejifungia chumbani.

Nikisema ni Balozi, hakuna saini, hakuna Dar. Nikinyamaza, Baba…

Wako sebuleni. Balozi anamwambia Baba akae kwanza asije akaanguka. Anampa fomu.

Baba anacheka! Baba, anayecheka Krismasi tu! Anasema: "Hapana, Chenge. Tazama vizuri. Huyu ni wewe."

Sasa hakuna anayecheka.

"Odeta!"

Wanakuja wote wawili. Daftari — chini ya godo