Mkanda wa Fundi Umeme

12 Januari

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kikohozi kinakuachia usingizi. Mimi sijambo, ila vidole vimepasuka kwa sabuni. Shuka za hoteli haziishi. Tukitoa za asubuhi zinaingia za mchana.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Miaka kumi na moja ya kusalimiana kupitia kwa shangazi si mchezo. Ningepiga simu, lakini shangazi anasema siku hizi mpaka mtu apaze sauti ndipo usikie, nami haya siwezi kuyapigia kelele.

Nimeanza tena kushona ngozi, Baba. Si kazi, ni ya kujiliwaza tu. Karibu na hoteli kuna duka linalouza vipande vilivyobaki kwa watengeneza mikoba. Nimenunua msharasi wa kutobolea, sindano mbili na donge la nta, na kila Jumapili nakaa mezani. Mshono wangu unakwenda upogo kama mlevi. Mikono imesahau, au inaogopa. Tangu ule mkanda wa kupandia nguzo nilioushona ukatike, fundi umeme akaanguka kutoka juu ya nguzo, sikuwahi kushika tena sindano ya ngozi.

Nifundishe upya. Kama hutaki, nitaelewa.

Mwanao


3 Februari

Mwanangu,

Marahaba, mama. Kifua kipo, kinanisumbua asubuhi kisha kinachoka chenyewe. Karakana bado naifungua. Watu hawanunui mikoba yangu tena, wananiletea soli na zipu.

Haya, sikiliza. Uzi ukate mara nne ya urefu wa mshono. Ukikata mfupi utakuishia katikati, na utanikumbuka kwa matusi. Upake nta mpaka ulie ukiuvuta. Mshono kwenda upogo ni kosa la msharasi, si la sindano. Ncha yake ina pembe nne, kwa hiyo mkono ukizunguka hata kidogo, kila tundu linaangalia upande wake. Bana kiwiko ubavuni. Matundu yasisongamane, ngozi isije ikachanika kama stempu. Sindano ya kushoto itangulie kila mara, ya kulia ifuate katika tundu lile lile, kisha vuta zote mbili sawasawa, bila upendeleo. Ukifika mwisho, rudi nyuma matundu matatu ndipo ukate.

Habari ya mkanda tuiache. Yameshapita.

Baba yako


28 Februari

Baba,

Shikamoo. Kikohozi kinaendeleaje? Mimi mzima.

Kiwiko ubavuni kumbe ndiyo dawa! Mshono umenyooka mpaka nikauonyesha kwa mwenzangu wa kupiga pasi, naye hajui ngozi wala hataki kuijua.

Lakini pale pa kurudi nyuma matundu matatu nilikaa nikalia. Uliwaambia watu wa kampuni ya umeme kwamba sikurudi nyuma, ndiyo maana mshono ulifumuka. Mimi nilikumbuka nimerudi. Ila nilikuwa na miaka kumi na tisa na wewe ulikuwa fundi, nikaiamini kumbukumbu yako kuliko yangu.

Sasa nina swali. Nilishona mkanda wa mkoba, nikaulowesha ili nipate kuukunja vizuri, kisha nikauweka juu ya hita ukauke upesi. Ulikauka kama biskuti. Nilipoukunja, ukakatika. Lakini uzi mzima, mshono mzima. Ngozi yenyewe ndiyo iliyokatika, kando ya mshono. Nimekosea wapi?

Mwanao


30 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Shangazi anasema hujambo na kila siku unafungua karakana, basi labda barua imepotea. Nilikuuliza swali dogo tu, la ngozi. Au nimekuudhi?

Mwanao


19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua haikupotea. Nimeiweka mfukoni mwa aproni tangu ilipofika, naitoa, nairudisha.

Ngozi iliyolowa haikaushwi kwa moto. Moto unaila mafuta yake, inabaki sura ya ngozi tu. Hata mwanafunzi wa wiki moja anajua. Mimi nilijua.

Siku ile wewe ulikuwa umeshamaliza kushona ukaenda nyumbani. Mvua ikanyesha, paa likavuja juu ya meza, mkanda ukalowa chapachapa, na fundi umeme alikuwa anaupitia asubuhi. Nikauweka karibu na jiko la mkaa. Alipokuja niliukunja mkononi, nikausikia ukilia. Nikampa. Nilijiambia utashika.

Walipouleta umekatika, niliuona kwa macho yangu. Mshono wako ulikuwa mzima, na yale matundu matatu ya kurudi nyuma yapo. Wale hawakuijua ngozi. Waliuliza nani aliushona, nikasema binti yangu, bado anajifunza, amesahau kurudi nyuma. Wakaandika hivyo hivyo.

Ningesema kweli wangeifunga karakana. Wewe ulikuwa mdogo, nikadhani watu watakusahau upesi. Sikufikiri kama wewe mwenyewe utasahau kwamba ulirudi nyuma.

Baba yako


6 Mei

Baba,

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Shikamoo inanikwama, nisamehe.

Nina swali moja tu. Mama alijua? Mwaka ule aliofariki alinipigia simu, sauti imekwisha, akaniambia, "Mwanangu, mimi nilishakusamehe, na yule mtu wa watu Mungu atampa nguvu." Nilimshukuru, Baba. Mama yangu alinisamehe kosa ambalo sikulifanya, nami nikamshukuru!

Nenda kwa fundi umeme. Usimtume mtu wala usimwandikie. Nenda mwenyewe umwambie, uso kwa uso. Kabla ya hapo sina la kuzungumza na wewe.

Mwanao


2 Agosti

Mwanangu,

Mama yako hakujua. Nilitaka kumwambia alipokuwa kitandani, nikaogopa asije akaondoka akiwa amenigeuzia mgongo.

Nimekwenda kwa fundi umeme. Nilifika mara mbili mpaka mlangoni nikarudi; mara ya tatu dada yake akaniona dirishani. Anakaa chumba cha nyuma kwa huyo dada yake, ana magongo mawili na redio. Nilikataa kiti. Nikamwambia yote, mvua, jiko, na ule mlio wa ngozi niliousikia kabla sijampa.

Alizima redio. Akauliza, "Huyo binti alikuwa na miaka mingapi?"

Nikasema kumi na tisa.

Akayasogeza magongo kando. Kisha akasema, "Miaka kumi na moja namtaja kwa ubaya kila ninapoinuka kitandani. Nilikuwa nimemzoea. Sasa unataka nimweke nani mahali pake? Wewe? Mzee anayetetemeka mbele yangu?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mimi."

Akasema niondoke. Nilipofika mlangoni akaniita, nikadhani ananisamehe. Akasema, "Mwambie binti mshono wake nilikuwa nausifia kwa wenzangu."

Ijumaa nilikwenda kwenye kampuni. Waliokuwapo wamestaafu wote. Kijana wa mapokezi aliniuliza, mzee, unataka nani hasa? Nimeandika maelezo upya, nikatia sahihi. Sijui watayasoma au karatasi wataifungia maandazi.

Karakana nimeifunga. Hakuna aliyenilazimisha.

Baba yako


25 Agosti

Baba,

Nimeisoma. Ahsante kwa kwenda.

Nilidhani nikiijua kweli nitapata wepesi. Nimepata hasira, na sijui niipeleke wapi, kwa sababu mtu pekee ambaye ningemlilia kuhusu baba yangu ni Mama.

Fundi umeme nimemwandikia mwenyewe. Sikumwomba msamaha. Ni mara ya kwanza kulitaja jina lake bila kumwomba msamaha moyoni, na kalamu ilinishinda mara mbili. Nilimjulia hali tu, nikamweleza ninakofanya kazi.

Shangazi anasema umekonda na unashinda umekaa nje ya mlango uliofungwa. Nimemwomba awe anakuletea chakula. Mimi sitakuja mwaka huu. Mwakani pia sijui, na sitaki kukudanganya. Uwongo tumeshakula wa kutosha.

Usiniandikie. Nikiweza, nitaanza mimi.

Mwanao