Ile Maneno Nilisema kwa Maiki Siku Tulikuzika

Omondi, nyathina, mtoto wangu,

Ni mimi mama yako. Anayeandika ni Atieno, mke wako, kwa sababu unajua mimi na kalamu hatujawahi kupatana. Amekaa hapa kwa mlango wa nyumba yako, kitabu iko kwa magoti, ameshaniambia niongee pole pole. Nimemwambia aandike kila kitu, hata penye nitajiaibisha.

Wacha nianze na habari ya nyumbani. Ile ng'ombe yako nyekundu, ile ulikuwa unauliza kwa simu kabla hujauliza mimi, imezaa. Dume. Upepo ya ziwa ilitoa bati mbili kwa jikoni, na hii mwezi samaki ya omena ni kidogo, magugu imefunga penye maboti inatokea. Paka wako ananenepa lakini, sijui anakula ya nani. Atieno anasema nirudi kwa barabara. Haya, nimerudi.

Jioni kabla tukuzike ulikuja kwa sanduku imefungwa, bendera juu yake. Nilisema nataka kuona miguu tu. Kile kidole chako cha mwisho kinapanda juu ya kingine, kama cha baba yako. Ningekujua na hiyo. Wanajeshi wenye walikuleta wakasema, "Mama, hapana. Bomu ya barabara haiachi kitu ya kuonyesha mama." Nikalala na hiyo hasira. Asubuhi maiki ikaanza kuzunguka, si unajua sisi na maiki kwa matanga. Chifu ameongea, mchungaji ameongea, wajomba wako wote wameongea, mheshimiwa wetu wa bunge naye akaongea mpaka jua ikasimama hapa juu ya kichwa. Halafu akanipatia mimi. Akaniuliza mbele ya watu, "Mama, hawa watoto wetu warudi, ama wakae huko Somalia wamalize?"

Na mimi nikasema, "Wakae. Wakae mpaka wamalize kazi mtoto wangu ameacha."

Watu walipiga makofi mpaka hema ikatingika. Na nikuambie ukweli, Omondi, nilisikia vizuri. Ilikuwa kama mtu amenipatia maji ya kunywa.

Lakini ile maneno haikuzikwa na wewe. Mheshimiwa aliibeba. Watu wakibishana kwa redio kama jeshi yetu irudi, maana imekaa huko miaka mingi, mpaka mtoto alikuwa ananyonya wakienda leo yuko sekondari, yeye anasema, "Hata mama wa shujaa amesema wakae." Halafu wanaweka sauti yangu. Mimi niko kwa mashini ya kusaga na gorogoro yangu ya mahindi, na mimi tena niko kwa redio nalia!

Hapo ndio mama ya Odhiambo alinipata. Jirani wetu. Odhiambo yake ndio ule mlikuwa mnaiba mapera naye kule misheni, wewe unapanda, yeye anashika shati. Aliingia jeshi nyuma yako, na sasa wamempeleka kule kule. Mama yake aliweka mahindi chini akaniangalia. "Nyar Asembo," akaniita kama binti ya kwetu Asembo, "wako ameshalala. Kwa nini unashika wangu mguu?" Hakungoja nijibu. Hata mahindi hakungoja isagwe. Mtu tumechota maji pamoja tangu niolewe hapa Seme, akaanza kunipita kwa njia kama mimi ni mti.

Na mimi nilikuwa najua. Hiyo ndio inanikula. Ulinipigia ile Jumapili natoka kanisa, nikashika simu juu chini kama kawaida yangu, ukacheka. Ukaniambia kuna mama mzee hapo kwa kizuizi yenu huko Somalia, kila asubuhi anapita kwenda kuona mbuzi zake, na ni wewe unapekua kikapu yake. Mkate, chupa ya maji, kamba. Kesho tena, mkate, maji, kamba. Ukasema ana mdomo kama wangu, anakuongelesha mpaka anafika mbali na bado anaongea. Mimi nikacheka sana. Nikauliza, anasemanga nini?

Ukasema mwenye kujua lugha yao alikuambia. Anauliza, "Mnarudi kwenu lini? Mama zenu hawawatafuti?" Na ukasema, "Mama, ningekuwa yeye hata mimi ningeuliza. Tumekaa sana kwa boma ya watu."

Hiyo nilificha. Siku ya maiki nilikuwa nayo hapa kwa kifua na nikasema ingine. Nilificha hata Atieno, amejua juzi tu. Ona, ameacha kuandika. Andika, mama. Andika tu, tutalia tukimaliza.

Alhamisi watu wa redio walikuja Kombewa, wakaweka spika kubwa karibu na soko, watu wabishane hapo wote wasikie. Mwalimu mmoja wa Maseno, na tai yake, akasema nchi ya watu ni ya watu, ukikaa sana na bunduki hakuna anakuita rafiki. Mtu wa bodaboda akamkata, "Tukitoka, hao wa mabomu watatufuata mpaka hapa! Mwalimu, utawapiga na chaki?" Watu wakacheka. Mama wa kuuza nyanya akamrushia, "Na wewe si uende? Pikipiki unayo!" Lakini huyo wa boda si mjinga, Omondi. Hiyo woga yake hata mimi ninayo.

Halafu mtangazaji akaniona. "Mama wa shujaa yuko hapa!" Wakaniinulia maiki. Mama ya Odhiambo alikuwa amesimama kwa gunia za njugu, anaangalia chini.

Nikasema, mimi ndio huyo mnasikianga kwa redio, nimekuja kuchukua maneno yangu. Nikawauliza, tulipozika Omondi, si tulifanya tero buru? Si wanaume walishika mikuki na ng'ombe, wakakimbiza kifo mpaka ng'ambo ya mto? Mlienda, nawaona hapa, hata wewe fundi ulienda na filimbi. Mlipiga kelele, mkarudi na ng'ombe, mkala. Nani alibaki kule? Nani alijenga kwa shamba ya watu akasema bado anafukuza kifo?

Mtangazaji akasema, "Asante mama, twende matangazo," akavuta maiki. Nikavuta. Yeye kijana, lakini mimi nimevuta nyavu miaka mingapi? Nikawaambia yule mama wa kikapu, na vile ulisema, yote.

Hakuna mtu alipiga makofi. Mzee mmoja akaniambia, "Umemwaga damu ya mtoto wako mara ya pili." Atieno akanishika mkono tukaondoka. Njia yote mpaka nyumbani niliuliza kama ni kweli. Mpaka leo nauliza. Wewe ungeniambia.

Asubuhi nikaenda kwa bomba. Mama ya Odhiambo akakuja, akaweka mtungi yake karibu na yangu. Akasema neno moja tu, "Sogea." Nikasogea. Tukangoja maji, sisi wawili, bila kuongea. Mimi, bila kuongea!

Lakini Odhiambo bado yuko huko. Na redio bado inaweka ile sauti ya zamani, ile ya Kombewa sijasikia hata mara moja. Basi nakuahidi hivi. Penye maiki iko, nitaenda, iwe matanga, iwe kanisa, iwe harusi ya watu hata kama wataninyima wali. Nitasema mpaka wachoke na mimi, mpaka huyo mtoto aingie kwa lango ya mama yake na miguu yake.

Pengine ni yeye sasa anasimama pale penye ulikuwa unasimama. Mkate, maji, kamba. Pengine yule mama bado anamuuliza. Kama uko penye unaweza kupita, nyathina, pita hapo umjibu kwa lugha yake, mimi siijui. Mwambie tunawatafuta.

Lala. Nitafunga mlango wa nyumba yako mimi mwenyewe, pole pole, ile njia hailii. Oriti, kwaheri, Omondi. Oriti.

Mama yako