Fomu Inayotaka Sahihi Yako

Kidahwe, Kigoma

Baba Neema, mume wangu,

Habari za hapo Makambako na baridi yake? Nimefurahi kusikia mguu umepona na mkongojo umeuweka pembeni. Na Neema, bado anagoma kunywa uji? Mimi ni mzima. Nafundisha darasa langu la pili, nakula ugali kwa samaki wa huku, mgebuka, na mawese nimeyazoea hadi mafuta mengine nayaona kama maji.

Usishangae kupata barua kutoka kwa mtu unayeongea naye kila jioni. Kwenye simu ningelia, nawe ungesema yaishe kabla hujayasikia. Kaa, usome taratibu.

Ulipoanguka kutoka kwenye kenchi za paa ulilokuwa ukiezeka, nilikwambia hela za upasuaji wamechanga walimu wenzangu. Si kweli. Nilikopa kwa mtu wa mjini Kigoma, hawa wakopeshaji wa riba kubwa wanaoitwa kausha damu, nikamwachia kadi yangu ya benki na namba ya siri. Riba ikanizidi, nikakopa kwa mwingine nimlipe yule wa kwanza, halafu kwenye kikundi cha akina mama, halafu dukani. Kila mwisho wa mwezi nasimama benki nyuma ya yule mwanamume aliyeshika kadi yangu, anabonyeza namba yangu, ambayo ni tarehe aliyozaliwa mwanetu, anachukua chake, ananipa kinachobaki. Naona aibu hata kuandika.

Na wewe, na wema wako huo, ukatuma gunia la viazi kuwashukuru walimu! Nilivigawa, kila mtu akauliza kuna sherehe gani. Nikasema mume wangu anapenda watu tu. Mwalimu Adela, jirani yangu, Muha wa hapahapa asiyependa kuzungushwa, alinikuta jikoni namenya viazi huku nalia. Nikamweleza yote. Alinigombeza kwanza, kisha akanipeleka kwenye chama chetu cha akiba na mikopo. Wako tayari kunipa mkopo mmoja wenye riba nafuu, niwalipe wote kwa mara moja, kadi yangu irudi mkononi, halafu nikatwe kidogo kidogo kwenye mshahara kwa miaka mitatu.

Ila lazima mume asaini fomu, hii niliyoiweka ndani ya bahasha, mbele ya mtendaji. Na kuna jambo linaloniuma zaidi: chama ni cha walimu wa wilaya hii peke yake. Nikichukua mkopo, ombi langu la uhamisho wa kuja huko nalifuta mpaka deni liishe. Miaka mitatu, Baba Neema, na sisi tulikuwa tunahesabu miezi. Ndiyo maana siwezi kuamua peke yangu. Usiposaini, nitaendelea kusimama nyuma ya yule mtu, na sijui hadi lini.

Nilimuuliza Adela nikuambieje. Akasema, "Mwambie ukweli, halafu mwache akasirike."

Basi kasirika, nimestahili. Lakini usije ukajilaumu kwa kuanguka, nitagombana na wewe. Mguu wako siujutii hata kidogo. Ningekopa tena kesho, ila safari hii ningekwambia kwanza. Uongo ndio umenichosha kuliko deni lenyewe, kukuficha wewe ambaye sijawahi kukuficha kitu. Nimekukumbuka sana.

Nisalimie mama mkwe, mwambie kitenge chake nitanunua nikipumua. Nisalimie mdogo wako Tumaini aliyekuwa akikupeleka kliniki, na shangazi anayemsuka Neema.

Hapa chini nilikuwa nimeandika kwamba ukishasaini, fomu umpe kondakta wa basi aniletee. Nimepafuta, kama unavyoona. Ilete mwenyewe. Njoo na Neema, na randa na misumeno yako. Kule Bangwe wanaounda maboti wanatafuta mafundi wa mbao kila siku, na chumba changu tukibanana kinatutosha watatu. Kama una hasira, njoo nazo, uzimalizie huku.

Mkeo anayekusubiri,
Mama Neema