Chingamu kwenye Kioo cha Nyuma

Kwa dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za kazi, za shemeji, na za wale wapwa zangu wawili ambao sasa lazima wamenipita urefu? Natumai kile kikohozi chako cha asubuhi kimekuachia. Sisi huku ni wazima. Mama anakula vizuri, ananuna vizuri, na juzi alimfokea jirani kwa sababu ya kuku, kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu ya nguvu zake. Mimi nami ni mzima wa mwili. Ya moyoni utayakuta huko chini, na nakuomba usirukie mwisho kama unavyofanya na vitabu vya hadithi. Ningeweza kukupigia simu, lakini najijua, ningeanza kuongea habari za hali ya hewa.

Ulipopiga Ijumaa ile kusema kuwa kliniki ya mazoezi ya viungo imempa Mama nafasi, na kwamba baada ya siku kumi nitaanza kumpeleka kila Jumatatu na Alhamisi kwa gari ulilotuachia, nilikuitikia vizuri sana. Nilisema haina shida dada, gari lipo na mimi nipo. Nikaweka simu mezani, nikaenda kunawa uso. Dada, sikuwa na leseni. Nilikuwa na karatasi ya kujifunzia tu, niliyoichukua mwaka jana nikaificha kabatini chini ya magazeti, na katika miaka mitatu gari lile sijalitoa hata getini. Kila Jumapili nililiosha, nikaliwasha, nikaliacha lingurume robo saa hapo uani, kisha nikaingia ndani nikizungusha funguo kidoleni ili watu waone. Zile safari nilizokuwa nakusimulia, ya sokoni na ya harusini, nilikwenda kwa miguu. Ningekodi teksi ya kumpeleka Mama ungeniuliza gari lina nini. Kwa Fundi wetu wa gari, ambaye angenifundisha bure, sikuweza kwenda, na sababu unaijua, au unadhani unaijua.

Nilikwenda shule ya udereva iliyo nyuma ya stoo ya mbao. Karani aliniambia foleni ya mtihani ni wiki sita, ila kuna mtu ameugua na nafasi yake ya Alhamisi iko wazi, kama niko tayari kujifunza kwa siku tano. Nilisema niko tayari. Akanionyesha gari, nikatamani kurudi nyumbani.

Wewe ndiye uliyenipa jina la Msafi, kwa sababu tangu utotoni nilikuwa nikikataa kikombe chenye alama ya mdomo wa mtu. Miaka ishirini na mitatu ya kupiga pasi mashati ya watu pale kwa dobi haijaniponya, imenizidishia. Sasa fikiria kiti ambacho ukikaa suruali inanasa, na ukiinuka kinatoa sauti. Fikiria harufu ya soksi na mayai. Mwalimu wanamwita Mzee Klachi, maana neno hilo analitaja kuliko jina la mkewe. Anakula mayai ya kuchemsha tangu saa mbili asubuhi, maganda anayasukuma kwenye mfuko wa mlango, vidole anafutia kwenye rungu la gia. Akimaliza anachokonoa sikio kwa ufunguo wa gari, kisha anakupa ufunguo huohuo uwashe. Siku ya kwanza nilishika gia kwa leso. Alicheka hadi akapaliwa na yai, akasema dereva wa leso ataua mtu.

Lakini kinyaa chenyewe kilikuwa nyuma. Kwenye kioo cha nyuma vilibandikwa vidonge vitatu vya chingamu, vimetafunwa, vimekuwa vya kijivu, kimoja bado kina alama ya jino. Mzee Klachi alinieleza kwa fahari kuwa hiyo ndiyo siri ya shule yake kufaulisha. Kidonge cha chini ni cha watu wafupi, cha kati ni cha wastani, cha juu ni cha warefu kama mimi. Unaporudi nyuma kuegesha, unageuza shingo na kusubiri kidonge chako kifunike nguzo ya kona. Kikishafunika unakata usukani wote, unahesabu hadi nne, unanyoosha. Vioo vya pembeni alinikataza nisivitazame, eti vinawachanganya wanafunzi. Mtihani unafanyika uwanja huohuo kwa gari hilohilo, akasema, sasa vioo vya nini?

Nilijua kabisa kuwa hapo sifundishwi kuendesha, nafundishwa kudanganya kwa mate ya mtu mwingine. Na bado nilijifunza kwa bidii, dada. Siku tano nzima nilikikodolea macho kile kidonge kuliko nilivyowahi kumtazama mtu. Nikirudi kazini mchana nilinawa mikono kwa sabuni ya madoa hadi ngozi ikachubuka. Kila jioni Mama aliniuliza mbona nanuka mayai, na mimi nikamwambia ni mashati ya mteja mmoja mchafu.

Alhamisi ikafika. Mtahini alikuwa mama mmoja mwenye sare iliyopigwa pasi sawasawa, mstari wa mkono umenyooka kabisa, nikafarijika kuona mtu msafi. Alitandika gazeti kwenye kiti kabla ya kukaa. Nikaendesha barabarani bila kumgonga mtu, gari likinizimikia mara moja tu kwenye mlima. Tuliporudi uwanjani akageuka nyuma, akaona vile vidonge, akaniuliza ni nini. Nilijibu kuwa sijui. Dada, nilijibu haraka kabisa, kama mtu aliyeulizwa saa. Akaniambia kama sijui basi havina kazi, nishuke nikavitoe. Nilishuka, nikavibandua kimoja kimoja kwa kucha zangu mwenyewe, na kile cha juu, changu, kilikuwa bado kibichi katikati.

Nikarudi kwenye usukani nikiwa sina pa kutazama. Kwa mara ya kwanza nikatazama vioo vya pembeni. Gurudumu likakanyaga mstari, nikaomba kurudia, akaniruhusu mara moja, nikaingiza gari kwa jasho na kuomba Mungu. Alinipa cheti cha kufaulu huku akisema naendesha kama mtu anayeomba msamaha barabarani. Mzee Klachi hakunipongeza. Alikuwa amekasirikia kioo chake, na nilipokuwa naondoka alishajaza mdomo chingamu mpya kwa ajili ya mwanafunzi aliyefuata.

Hapo ningeweza kunyamaza. Leseni ninayo, ungeendelea kuamini ulichoamini, na mimi ningekufa nacho. Nilikuwa nimekusudia hivyo hasa.

Jana Jumatatu nilimketisha Mama mbele, nikamfunga mkanda, mkono wake wa kushoto nikauweka vizuri juu ya paja kwa kuwa haujiweki wenyewe. Nikazungusha ufunguo na gari likawaka palepale. Unajua tangu apate kiharusi anatafuta kila neno kabla ya kulitoa. Tulikuwa tumesimama kwenye taa nyekundu, akaanza kusema bila kunitazama. Alisema siku ile alipoanguka jikoni alikuwa anasikia kila kitu. Alisikia bomba likidondoka. Alisikia nikikimbia uani, mlango wa gari ukifunguliwa, kisha, baada ya muda mrefu, ukifungwa. Gari likiwashwa, alisema, hakulisikia hata mara moja. Halafu akaniambia nitazame mbele, taa imeshakuwa ya kijani.

Dada, asubuhi ile gari halikugoma. Sikulijaribu. Niliingia, nikashika usukani, nikaona sijui mguu upi unafanya nini, nikaona aibu ya kugonga geti mbele ya majirani, nikatoka. Nilikimbia barabarani kutafuta msaada, ikapita saa moja na nusu. Daktari alisema tungemfikisha mapema huenda mkono ungepona, na mimi nilikuwepo aliposema. Wewe ulipopiga simu nilisema gari limekataa kuwaka. Ukampigia Fundi, aliyebadilisha betri siku nne kabla, ukamwita mwizi na muuaji, wateja wake wakikusikia simuni. Alikuja na vifaa vyake, akawasha, likawaka mara ya kwanza. Akanitazama. Nikasema labda lilikuwa na baridi. Alifunga vifaa vyake akaondoka, na tangu hapo tukikutana anavuka upande wa pili.

Wiki nzima nimemwona Mzee Klachi kuwa mtu mchafu kuliko wote niliowahi kukaa nao. Lakini mayai yake anayala mbele ya watu. Mimi najinyoosha, natia marashi, namlisha Mama kwa kijiko safi, na nikiushika mkono ule kuuosha nasikia kichefuchefu, na si kwa ajili yake. Picha yangu ya leseni nimeilaza kifudifudi mezani.

Nilipitia kwa Fundi jana hiyohiyo, nikamwambia mbele ya wateja wake. Alisema alijua tangu siku ile, na kwamba maneno yangu ameyasikia ya kutosha, anachongoja ni simu yako. Mpigie, tafadhali. Mimi nikasirikie unavyotaka na kwa muda unaotaka, ila usimkataze Mama kupanda gari, maana jana alirudi akikunja kidole kimoja cha mkono ule na anataka kumwonyesha yule jirani wa kuku.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu sana, naye ndiye aliyeniambia kalamu iko wapi.

Ni mimi mdogo wako,
uliyekuwa ukimwita Msafi.